Namna ya Kusikiliza Rekodi za Bach za Helmut Walcha kutoka Lübeck na Cappel: Mwongozo Kamili kwa Wanakwaya na Wapiga Kinanda

Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita kuu kumalizika, mpiga ogani asiyeona aitwaye Helmut Walcha aliketi mbele ya ogani ndogo katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, akaanza kurekodi kazi za ogani za mtunzi Johann Sebastian Bach. Kazi hiyo iliendelea hadi 1952, na sehemu yake kubwa ikafanyika katika kanisa la kijiji kiitwacho Cappel, karibu na Bahari ya Kaskazini. Rekodi hizo ni za mono, yaani sauti zote hupita katika mkondo mmoja, zina mvumo wa utepe wa kurekodia, na hazina ule upana wa sauti tuliozoea kuusikia siku hizi. Hata hivyo, sijapata rekodi nyingine inayomfundisha mtu kusikia sauti nne kwa wakati mmoja kama hizi zinavyofundisha, na ndiyo sababu nimeuandaa mwongozo huu hatua kwa hatua.

Nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye ameimba kwaya au anapiga kinanda kanisani, lakini muziki wa Baroko, yaani wa enzi ya Bach na waliomtangulia, wa ogani ya mabomba umempita kushoto kwa sababu anausikia kama kelele moja nzito isiyo na mlango wa kuingilia. Mlango upo, na mwanakwaya wa kwetu anao ufunguo wake tayari, kama nitakavyoeleza katika hatua ya kwanza. Utahitaji nakala ya rekodi, hedifoni nzuri kiasi, daftari, na saa moja kila siku kwa muda wa siku nne au tano. Ukiweza kupata noti za kazi tutakayoisikiliza, ambayo ni Passacaglia (utungo unaojengwa juu ya besi inayojirudia) ya C ndogo, namba BWV 582 katika orodha ya kazi za Bach, utafaidika zaidi, ingawa si lazima.

Hatua ya kwanza: mfahamu mpigaji na jinsi alivyojifunza

Walcha alizaliwa Leipzig mwaka 1907. Uwezo wake wa kuona ulianza kuharibika utotoni baada ya chanjo ya ndui, na alipofikia umri wa miaka 19 alikuwa haoni kabisa. Alisoma Leipzig chini ya Günther Ramin, mpiga ogani wa kanisa la Mtakatifu Thomas, yaani kanisa lile lile ambalo Bach alilitumikia kwa miaka 27. Baadaye alihamia Frankfurt, akawa mpiga ogani na mwalimu huko hadi uzeeni, na akafariki dunia mwaka 1991.

Jambo unalopaswa kulishika kabla ya kugusa rekodi yoyote ni namna alivyojifunza kazi hizi. Kwa kuwa hakuweza kusoma noti, alihitaji mtu wa kumpigia, kwanza mama yake na baadaye mkewe Ursula. Hakuomba apigiwe kipande kizima, kwa kuwa angekipata kwa jumla jumla tu. Aliomba apigiwe kila sauti peke yake: sauti ya juu kutoka mwanzo hadi mwisho wa sehemu fulani, kisha inayofuata, kisha besi ya miguuni. Alizihifadhi moja moja kichwani, halafu akaziunganisha mwenyewe kimoyomoyo kabla ya vidole kuzigusa.

Sasa fikiria mazoezi ya kwaya ya jioni ya Alhamisi katika parokia au usharika wowote wa kwetu. Mwalimu anaanza na sauti ya kwanza, wengine wananyamaza. Anahamia sauti ya pili, kisha ya tatu. Wale wa besi wanasubiri zamu yao huku wakipiga soga hadi wakemewe. Mwishoni anasema, “Haya, wote pamoja,” na wimbo unasimama. Walcha aliijenga fyuga ya Bach, yaani utungo ambamo sauti hupokezana wazo moja, kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo unapomsikiliza humsikilizi mtu aliyesoma ukurasa wa noti kutoka kushoto kwenda kulia, bali mtu aliyebeba kwaya nzima kichwani mwake, ambaye kila mwimbaji wake anaijua njia yake hadi mwisho. Hii ndiyo sababu sauti za kati, zile za pili na tatu ambazo wapigaji wengi huziacha zimezama, kwake hubaki wazi. Hatua zote zinazofuata zinaegemea jambo hili.

Hatua ya pili: zifahamu ogani mbili na makanisa yake

Ogani ya mabomba si chombo kimoja kinachofanana kila mahali. Kila moja hujengwa kwa ajili ya chumba chake, na huwezi kutenganisha sauti yake na kuta zinazoizunguka. Kwa hiyo soma kwanza kibandiko au maelezo ya rekodi ili ujue kila kipande kilirekodiwa wapi, kisha uwe na picha ya mahali hapo.

Lübeck ni mji ambao Bach mwenyewe aliwahi kuuendea kwa miguu. Mwishoni mwa 1705, akiwa na umri wa miaka 20, alitoka Arnstadt akatembea zaidi ya kilomita 400 ili kumsikia mzee Dieterich Buxtehude, mpiga ogani wa kanisa la Mtakatifu Maria. Ogani za kanisa hilo la Maria ziliteketea usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, ndege za kivita za Uingereza ziliposhambulia mji. Kanisa la Mtakatifu Yakobo, lililo mwendo mfupi tu kutoka hapo, lilisalimika. Ogani yake ndogo ilipanuliwa na fundi Friedrich Stellwagen mwaka 1636 na 1637 juu ya ogani nyingine ya zamani zaidi, na sehemu yake kuu ni ya mwanzoni mwa karne ya 16. Maana yake ni kwamba ogani unayoisikia katika rekodi za Lübeck ilikuwa tayari mjini humo Bach alipofika akiwa na viatu vilivyochoka.

Cappel ina kisa kingine, na mimi hukipenda zaidi. Ogani yake ilijengwa na Arp Schnitger, fundi mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani Kaskazini, mwaka 1680, tena si kwa ajili ya kijiji hicho, bali kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Yohane mjini Hamburg. Mwanzoni mwa karne ya 19 kanisa la Cappel liliungua. Wanakijiji walipolijenga upya walihitaji ogani, na mwaka 1816 wakainunua hiyo kuukuu ya Hamburg. Ilikuwa imekwishatumika kwa zaidi ya miaka 130. Kijiji hakikuwa na fedha za kuibadilisha kila mtindo ulipobadilika, na ukosefu huo ndio ulioihifadhi, kwa sababu katika miji tajiri ogani nyingi za Schnitger zilibomolewa au kugeuzwa kabisa katika karne ya 19. Ya Cappel imebaki miongoni mwa zilizohifadhiwa vizuri kuliko zote.

Ogani hiyo ina rejista 30, kibodi mbili na pedali za miguu. Rejista ni safu ya mabomba yenye rangi moja ya sauti, na mpigaji huifungua kwa kuvuta kijiti kilicho pembeni yake. Kila rejista hupewa kipimo cha futi. Rejista ya futi 8 hutoa sauti ile ile uliyoibonyeza, kama kinanda cha kawaida. Ya futi 4 hulia oktavu moja juu. Ya futi 2 oktavu mbili juu. Na ya futi 16 oktavu moja chini. Baadhi ya rejista, zile za mchanganyiko, huliza mabomba kadhaa madogo kwa kila kibao kimoja, na ndizo zinazoipa ogani ya Baroko ule mng'ao wake mkali wa juu. Cappel inao mchanganyiko wa namna hiyo kwenye kibodi zote mbili na hata miguuni. Miguuni pia ipo rejista iitwayo Posaune ya futi 16, ambayo mabomba yake yana ulimi wa shaba unaotetemeka ndani, kwa namna inayokaribiana na ile ya zile harmoniamu za kukanyaga ambazo wamisionari walituachia. Ndiyo inayotoa mngurumo wenye ukali wa pembe.

Hakuna umeme kati ya kidole na bomba. Kila kibao kimeunganishwa kwa vijiti vyembamba vya mbao hadi kwenye vali inayoruhusu upepo kuingia katika bomba. Zingatia hilo, kwa sababu katika rekodi utaisikia vali ikifunguka.

Hatua ya tatu: tafuta nakala iliyo sahihi

Walcha alirekodi kazi za Bach mara mbili kwa ajili ya Archiv Produktion, kitengo cha kampuni ya Deutsche Grammophon kilichoanzishwa kwa ajili ya muziki wa kale. Mkusanyo wa kwanza ni huu wa mono, wa 1947 hadi 1952. Wa pili ni wa stirio, ulioanza 1956 katika kanisa la Mtakatifu Lorenzo mjini Alkmaar, Uholanzi, na kumalizika 1971 mjini Strasbourg, Ufaransa. Wauzaji wengi, na hata tovuti za muziki, huichanganya mikusanyo hii miwili. Usiamini picha ya jalada. Tazama majina ya makanisa: ukiona Alkmaar au Strasbourg, huo ni mkusanyo wa pili, ukiona Lübeck na Cappel pamoja na miaka iliyo kabla ya 1953, umepata unaoutafuta. Upo pia mkusanyo wa tatu, mdogo, aliourekodi tena Cappel mwaka 1977, lakini huo ni wa watunzi waliomtangulia Bach, akiwemo Buxtehude, kwa hiyo usikuchanganye.

Katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zimekwisha muda wake wa ulinzi wa hakimiliki, na kwa sababu hiyo kampuni nyingi ndogo zimeutoa upya mkusanyo wa kwanza. Baadhi zimefanya kazi kwa uangalifu, nyingine zimeisafisha sauti kupita kiasi. Kosa la kusafisha kupita kiasi unaweza kulitambua kwa jaribio rahisi: sikiliza sekunde zinazofuata baada ya sauti ya mwisho ya kipande. Katika nakala nzuri mwangwi wa kanisa hufifia polepole, huku mvumo mwembamba wa utepe ukiendelea kusikika chini yake kama mchanga unaomiminwa mbali. Katika nakala iliyoharibiwa, mwangwi hukatika ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Ukisikia hivyo iache nakala hiyo, kwa maana kifaa kilichoufuta mvumo kimefuta pia pumzi ya mabomba na hewa ya kanisa. Epuka vilevile nakala za zamani zilizogeuzwa kuwa stirio bandia, ambapo besi imesukumwa upande mmoja na sauti za juu upande mwingine.

Hatua ya nne: andaa vifaa

Nieleze kosa langu mwenyewe, ili lisikupate. Mara ya kwanza niliisikiliza Passacaglia kwa spika ya simu, nikiwa nimeiegemeza simu kwenye kikombe cha chai. Kazi hiyo inaanza kwa pedali peke yake, bila mikono. Nilisikia mikwaruzo hafifu kwa karibu nusu dakika, nikadhani faili ni bovu, nikairuka. Nilikuwa nimeruka tuni ya msingi yenyewe, yaani kila kitu ambacho robo saa iliyobaki inajengwa juu yake.

Sababu yake ni ya kifizikia. Bomba refu kuliko yote la rejista ya futi 16 lina urefu wa karibu mita 5, na hewa iliyomo hutetemeka takriban mara 33 kwa sekunde. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo ya chini kiasi hicho, na hata oktavu iliyo juu yake huipata kwa shida. Unachosikia ni vivuli vya juu tu vya sauti yenyewe. Kwa hiyo tumia hedifoni zinazofunika sikio lote, au spika kubwa za sebuleni. Usiongeze besi kwa vitufe vya programu, kwa sababu utaifanya besi ivimbe na kuzimeza sauti za kati tunazozitafuta.

Kwa kuwa rekodi ni ya mono, spika moja nzuri ni bora kuliko mbili mbovu. Wenye santuri halisi za wakati ule wachezeshe kwa sindano ya mono, yenye ncha ya mikroni 25 hivi, au kama wana sindano ya stirio tu, wabonyeze kitufe cha mono kwenye kikuza sauti, kwani kufanya hivyo huondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo ambayo haimo katika muziki. Santuri isafishwe kwa kitambaa laini kikavu kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kwa kukatisha.

Kiasi cha sauti kiwe cha wastani. Chagua muda ambao mtaa umetulia. Mimi hupendelea alfajiri kabla ya bodaboda kuanza.

Hatua ya tano: zoesha sikio kwa rekodi yenyewe

Siku ya kwanza usisikilize Passacaglia. Chagua kipande chochote kifupi kutoka Cappel, ukisikilize mara tatu, na kila mara utafute kitu kimoja.

Mara ya kwanza, tafuta kelele: mvumo wa utepe, mgongano mdogo wa mbao, na pengine upepo unaopita. Zitambue ziko wapi, na baada ya dakika chache sikio litaziweka kando lenyewe, kama unavyoacha kuisikia saa ya ukutani chumbani mwako. Rekodi hizi zilifanywa kwa utepe wa sumaku, teknolojia ambayo Wajerumani walikuwa wameikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hapo kabla, rekodi ilichongwa moja kwa moja kwenye santuri iliyobeba dakika 4 au 5 tu kwa upande mmoja, na kazi ndefu ililazimika kukatwa vipande vipande. Utepe ulimruhusu Walcha kupiga kazi ndefu kwa pumzi moja, na kwangu mimi mvumo huo mwembamba ni bei ndogo kwa faida hiyo.

Mara ya pili, sikiliza mwanzo wa kila sauti. Bomba halianzi kulia kama taa inavyowaka. Kwanza husikika pumzi fupi, kama herufi “ch” au “f” inayotangulia, kisha ndipo sauti husimama. Mpiga filimbi wa mwanzi anaijua pumzi hiyo. Katika kinanda cha umeme haipo, au imewekwa kwa kuiga, na kuisikia ndiko kunakokuthibitishia kwamba unasikiliza upepo halisi ukipita ndani ya madini halisi.

Mara ya tatu, sikiliza miachano. Ogani haiwezi kuongeza nguvu ya noti kwa kubonyeza zaidi. Kibao kikibonyezwa kwa upole au kwa nguvu, sauti ni ile ile. Mpigaji hutofautisha maana kwa ukimya mdogo anaouacha kati ya noti na noti. Walcha ni bingwa wa ukimya huo. Noti muhimu huitanguliza kwa kipengele kidogo cha kimya, na sentensi ya muziki huitenganisha na nyingine kama mtu anayevuta pumzi.

Hatua ya sita: iweke tuni ya msingi kinywani

Sasa tuingie katika Passacaglia. Inaaminika kuwa ni kazi ya ujana wa Bach, na mfano wake ni kazi za Buxtehude zinazojengwa juu ya besi inayojirudia. Tuni ya msingi ina vipimo 8 vya mapigo matatu. Kwa sol-fa, ukiichukua C kuwa la, inakwenda hivi:

la | mi – do | re – mi | fa – re | mi – ti | do – se | la – re | mi | la

Noti ya kwanza ni pigo la kuanzia tu. Mi ya kwanza iko juu ya la hiyo. Kutoka hapo tuni inazunguka, inapanda hadi fa, kisha inaanza kushuka. Re na mi za mwisho ni za chini, na la ya mwisho iko oktavu moja kamili chini ya ile ya mwanzo. Mtu wa besi atahisi jinsi inavyomfikisha kwenye sakafu ya sauti yake.

Usiendelee kabla ya kuweza kuiimba mara tano mfululizo bila kuangalia. Hili si pambo. Walcha aliingia katika kazi hii kwa mlango huo huo, sauti moja kwanza, na ukilikwepa zoezi hili hatua zinazofuata zitakuwa maelezo matupu.

Ukijaribu kuifuatisha kwa kinanda chako na ukakuta hailingani na rekodi, usidhani utepe umekwenda kasi. Ogani nyingi za Ujerumani Kaskazini za karne ya 17 zilitegwa juu zaidi ya kipimo cha leo cha mitetemo 440 kwa sekunde kwa noti A. Hamisha kinanda chako nusu sauti juu kwa kitufe chake cha kubadilisha ufunguo, na kama bado kuna tofauti ndogo, imba tu bila kinanda.

Hatua ya saba: fuatilia mizunguko 20

Baada ya pedali kuipiga tuni peke yake, inarudi mara 20, na kila mara sauti za juu zinafanya jambo jipya. Chora katika daftari namba 1 hadi 20, ukisikiliza uandike neno moja au mawili kwa kila namba. Weka kidole mezani kila tuni inapoanza upya, kwa sababu ukipoteza hesabu utapotea.

Mizunguko miwili ya kwanza ni ya kuvuta pumzi: sauti za juu zinaingia zikiwa zimechelewa kidogo nyuma ya pigo, kama watu wanaougua. Kuanzia wa tatu mwendo unatiririka. Katika wa tano pedali yenyewe inaanza kuirukia tuni badala ya kuitembea, na wengi hapo hudhani imepotea. Imba kimoyomoyo, utaikuta. Wa sita unapanda, wa saba unashuka, na wa nane unafanya yote mawili kwa pamoja.

Jambo kubwa linatokea katika wa kumi na moja. Tuni inaondoka miguuni na kuhamia juu kabisa, kwenye sauti ya kwanza. Sikiliza sekunde hizo mara nyingi kadiri unavyoweza. Baada ya kuizoea chini kwa muda wote huo, ghafla besi wamekabidhi wimbo wao kwa soprano. Katika wa kumi na mbili tuni bado iko juu. Katika wa kumi na tatu inateremka katikati na kuvikwa mapambo. Na katika wa kumi na nne na wa kumi na tano muziki unapungua hadi kubaki noti zinazofuatana moja baada ya nyingine, kama matone, huku tuni ikiwa imefichwa ndani yake. Hapa ndipo rekodi ya Cappel inapotoa kile ambacho nakala nyingi mpya, zenye mwangwi mkubwa, hazitoi. Kanisa ni dogo, mwangwi ni mfupi, na kila tone linasikika likidondoka peke yake.

Pedali inarudi katika mzunguko wa kumi na sita. Mtu asiyejua kinachoendelea atasikia tu kwamba sauti imekuwa kubwa. Wewe utajua nani amerudi.

Unapomaliza, anza tena kutoka mwanzo, safari hii ukifuata sauti ya pili tu, kisha siku inayofuata sauti ya tatu. Wanaoimba alto na teno wana kazi nyepesi hapa, kwani masikio yao yamezoea kuishi katikati.

Hatua ya nane: ingia katika fyuga

Bila kusimama, mzunguko wa ishirini unamwagikia katika fyuga. Fyuga ni utungo ambamo sauti moja huanza na wazo, nyingine hulipokea, kisha nyingine, hadi zote ziwe zinasema. Bach anaitumia hapa nusu ya kwanza tu ya tuni ya msingi, hadi kwenye mi ya kwanza baada ya fa, kisha anaifunga. Tangu inapoingia mara ya kwanza haiko peke yake, bali inaambatana na wazo la pili lenye mwendo wa haraka zaidi, na baadaye la tatu lenye noti za kasi. Mawazo haya matatu yanabadilishana nafasi kutoka sauti hadi sauti.

Usijaribu kuyafuata yote matatu kwa pamoja. Shika tuni, na kila inapoingia andika imeingia wapi: juu, kati, au miguuni. Hesabu yako ikitofautiana kati ya siku na siku, ni jambo la kawaida kabisa. Mimi ilinichukua wiki mbili.

Hatua ya tisa: linganisha na Alkmaar

Sasa chukua rekodi ya kazi hii hii kutoka mkusanyo wa pili. Ogani kuu ya Alkmaar ilijengwa na akina Van Hagerbeer kati ya 1639 na 1646, na ikafanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 1723 na 1725 na Frans Caspar Schnitger, mtoto wa yule yule Arp. Baba yuko Cappel, mtoto yuko Alkmaar, na mpigaji ni mmoja. Sijui ulinganisho mwingine unaofundisha zaidi ya huu.

Alkmaar utasikia fahari: kanisa kubwa, besi pana, sauti zinazotoka kushoto na kulia. Cappel utasikia mazungumzo ya karibu. Mimi huwashauri wanaoanza wabaki Cappel hadi waweze kuzifuata sauti nne, ndipo waende Alkmaar, kwa sababu fahari humvuta msikilizaji akasahau kuuliza nani anaimba nini. Rudia mzunguko wa kumi na nne na wa kumi na tano katika nakala zote mbili, moja baada ya nyingine, na uandike tofauti ya urefu wa mwangwi.

Hatua ya kumi: sikiliza mwisho wake

Karibu na mwisho wa fyuga, sauti zote zinakusanyika na kupanda hadi kwenye mlio mmoja usiotarajiwa, uliojengwa juu ya D iliyoshushwa nusu, na hapo Bach anasimamisha kila kitu. Kuna kimya. Kisha vipimo vichache tu vinafunga kazi, na ile C ndogo yenye huzuni iliyotawala kwa robo saa inageuka kuwa C kubwa.

Usizime. Ondoa mkono kwenye kitufe, hesabu sekunde baada ya sauti ya mwisho kuachwa, na uandike namba hiyo kando ya jina la kanisa. Kwanza utaisikia ogani ikiondoka kwenye kuta, kisha hewa ya kanisa, na mwishoni utabaki ule mvumo mwembamba wa utepe ambao siku ya kwanza ulitaka kuuondoa.